Umeacha Kijapani miaka sita na sasa unarudi: ushike njia ipi?

Kuna mdogo wangu mmoja wa Dar kaniandikia, swali lake nalifupisha hapa maana najua wenye hali kama yake ni wengi. Anasema hivi: "Shikamoo mwalimu. Chuo nilisoma Kijapani miaka miwili, nikamaliza kitabu cha Minna no Nihongo cha kwanza na masomo matano ya kitabu cha pili, nikafaulu N5, ile ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani. Afu nikaacha, sasa miaka sita. Saivi niko yadi ya magari, tunaagiza wenyewe kutoka minadani Japan, na zile karatasi za mnada nazisoma kwa kubahatisha tu, na wakipiga simu watu wa kule namsubiri bosi aongee nao Kiingereza. Nataka kurudi kusoma. Rafiki yangu mmoja anasema nianze upya somo la kwanza, mwingine anasema nimalize kwanza kanji 2,000, zile herufi zenye asili ya Kichina, kwa kitabu cha Heisig, wa tatu anasema niangalie anime tu itakuja yenyewe. Anki yangu ya zamani, ile programu ya kadi za kukariri, nimeifungua inaniambia kadi elfu tatu zinasubiri. Nishike lipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu ukikosea hapa mwanzoni utaacha tena, na utaacha ukidhani huna kichwa cha lugha wakati kichwa unacho.

Hao rafiki zako wote watatu wanakushauri kama mtu ambaye hajawahi kukigusa Kijapani. We umeshasoma masomo thelathini na mtihani umefaulu, na kilichosomwa namna hiyo hakifutiki chote hata kama saivi ukikitafuta hukioni. Hili lilishapimwa zamani sana, kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus alichapisha kazi yake mwaka 1885, alikuwa anajikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana, anaacha, afu anarudi kuzikariri tena huku anapima muda, na akaona kwamba mara ya pili inachukua muda mfupi kuliko ya kwanza hata pale ambapo mtu anahisi kasahau. Halafu mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Harry Bahrick, akatoa utafiti wa watu waliosoma Kihispania shuleni wakakiacha, wengine miaka hamsini. Aliona kusahau kunakwenda kasi miaka mitatu mpaka sita ya mwanzo, baada ya hapo kinachobaki kinakaa palepale miongo mitatu karibu bila kupungua. Na aliyekisoma vizuri mwanzoni ndo aliyebakiwa na kingi. We una miaka sita, maana yake kilichokuwa cha kuondoka kwa sehemu kubwa kimeshaondoka, uliyonayo leo ndo mtaji wako wa kudumu. Kazi ya kwanza ni kuuhesabu huo mtaji kabla hujanunua kitu.

Kwahiyo usichague njia leo. Tafuta jioni moja iliyotulia, zima data, chukua daftari. Andika katakana zote 46, zile herufi za silabi za kuandikia maneno ya kigeni, bila kuangalia popote. Halafu fungua kitabu chako cha kwanza somo la 20, nenda moja kwa moja kwenye mazoezi, usisome maelezo, usiangalie mifano, fanya. Somo la 20 nakutajia makusudi kwa sababu ndo lile la lugha ya kawaida ya kuongea na marafiki, huwezi kulifanya kama maumbo ya kitenzi, yaani la te la somo la 14, la nai la 17, la kamusi la 18 na la ta la 19 yote yamepotea, yaani somo moja linakukagulia manne. Ukifanya zaidi ya nusu sawasawa basi msingi upo. Ukikwama nusu, rudi somo la 14 tu, sio la kwanza. Mwisho sikiliza mazungumzo ya somo la 25 bila kitabu, andika kwa Kiswahili umeelewa nini.

Nakwambia kabisa utakachokiona, maana nimekiona kwa karibu kila mwanafunzi anayerudi: kusoma unaelewa kiasi, kusikia unaokota okota maneno, lakini ukiambiwa utoe sentensi mwenyewe mdomo unakauka. Kutambua kumebaki, kutoa kumekufa. Na katakana utashangaa zimeenda kabla ya hiragana, zile herufi za silabi za maneno ya Kijapani chenyewe, kwa sababu vitabu vya mwanzo vimejaa hiragana na katakana zinapita mara mojamoja.

Sasa ndo unaona kwa nini ushauri wa kuanza somo la kwanza haukufai. Ukifungua "watashi wa" utaelewa kila kitu, somo la pili utaelewa, la tatu utaelewa, wiki mbili unajisikia raha kwamba unasoma kumbe unatambua tu vitu ambavyo unavijua, hakuna kinachotoka kichwani kwako mwenyewe. Halafu unafika somo la 14 ghafla kugumu na ile raha imeisha, hapo ndo watu wanaacha. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kitu ambacho kila mwalimu angekibandika ukutani: waliosoma maandishi mara mbili walikumbuka zaidi ukiwapima baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki walioshinda ni wale ambao badala ya kusoma mara ya pili walijilazimisha kukumbuka bila karatasi. Kwa hiyo sheria yako ni mazoezi kwanza, maelezo baadaye, na maelezo unayafungua pale tu zoezi limekushinda. Masomo 25 ya kitabu cha kwanza ukiyapitia hivo, ukiruka unayoyaweza, ni kazi ya wiki chache tu.

Na ndo maana nasema baki na Minna hiyohiyo. Genki ni kitabu kizuri, masomo 23, kina maelezo mengi ndani yake na kwa mtu anayeanza peke yake huwa nakipendekeza kabla ya Minna. Irodori, kozi ya Japan Foundation, ni bure kabisa kwenye intaneti na sauti zake zote, imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japan, ukitaka kusikia lugha ya kazini ipakue uwe unaisikiliza. Lakini uti wa mgongo wako uwe kile kitabu ulichokisomea, kwa sababu kumbukumbu yako imeshikamana na kurasa zake, ukiona ile picha ya Mirā-san, yule mhusika wa kitabuni, kichwa kinafunguka chenyewe. Kuhama kitabu ni kutupa hiyo faida bure.

Twende kwenye kanji, na hapa nataka nikae kidogo maana kwa kazi yako ndo penye hela.

Kitabu cha James Heisig, juzuu ya kwanza, kinafundisha kanji zaidi ya 2,000 kwa kumpa kila herufi neno moja la Kiingereza na hadithi ya kuikumbuka, na hakikufundishi jinsi ya kuisoma kwa sauti. Kuna watu kimewasaidia kweli na siwapingi. Ila fikiria hali yako: utakaa miezi unajua kwamba herufi fulani maana yake ni hii kwa Kiingereza, huwezi kuitamka, huwezi kuitumia kwenye simu, na zile karatasi mezani kwako bado huzisomi. Kanji za matumizi ya kawaida zilizopangwa na serikali ya Japan ni 2,136 tangu 2010, mtoto wa Kijapani mwenyewe darasa la kwanza anafundishwa 80 tu na anamaliza shule ya msingi na 1,026. Haya mambo yanaenda na maneno. Wewe jifunze maneno, kanji zitakuja ndani yake.

Na maneno yako yako mezani kwako tayari. Chukua karatasi ya mnada moja. Alama za mchoro wa bodi labda umeshazijua kwa uzoefu, A ni mchubuko, U ni mbonyeo, S ni kutu kwa sababu kutu kwa Kijapani ni sabi, C ni kutu iliyoanza kula bati, XX kipande kimebadilishwa, na namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa. Mwaka unaweza kuandikwa H25, hiyo ni mwaka wa 25 wa enzi ya mfalme iitwayo Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2013, ikiwa R3 ni Reiwa ya tatu, unajumlisha 2018 unapata 2021. Na hiyo R ya mwaka usiichanganye na R iliyoandikwa kwenye kisanduku cha gredi, ile inakwambia gari limewahi kutengenezwa fremu. Sasa njoo kwenye maandishi ya mkaguzi pale chini. Kuna neno 修復歴, shūfukureki, yaani historia ya matengenezo ya aina hiyo. Ukiliangalia kama herufi tatu ngumu linakutisha, lakini herufi ya kwanza ndo ileile iliyoko kwenye shūri, kutengeneza, ambalo ulilisoma somo la 20, na ya pili umeiona mara nyingi kwenye kurasa za marudio za kitabu chako, fukushū, kudurusu. Mpya kwako ni moja tu, reki, na ukishaijua hiyo utaikuta kwenye rekishi ambayo ni historia na kwenye rirekisho ambayo ni wasifu wa kazi. Umejifunza neno moja la pesa na ukafungua mlango wa mengine mawili.

Hivohivo 下回り ikifuatiwa na サビ ni kutu ya chini ya gari, kitu cha kwanza mteja wa Dar anachotakiwa kuambiwa kama gari limetoka mikoa ya theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani. コゲ穴 ni tundu la kuungua kwenye siti, mara nyingi sigara. 記録簿 ni kile kitabu cha rekodi za sevisi, kikiwepo gari lina thamani zaidi. Kusanya maneno kama hayo sitini, yale yanayojirudia kwenye karatasi zako mwenyewe, andika kila moja na karatasi ulikolitoa. Maneno sitini ya namna hii yatakusaidia kazini kuliko kanji 2,000 zisizo na sauti.

Kuna jambo moja hapa ambalo kwa wanafunzi wengine huwa nasema tofauti. Watu wengi siwaambii waandike kanji kwa mkono, siku hizi kila kitu unachapa kwenye simu. Kwako wewe nasema andika. Karatasi nyingi za mnada bado zinaandikwa kwa mkono na mkaguzi mwenye haraka, mistari inaunganishwa, vidoti vinalala, na kamera ya simu inayotafsiri inakosea vibaya sana kwenye maandishi ya namna hiyo. Anayejua mstari upi unaanza na unaelekea wapi anasoma mwandiko mbaya kwa sababu anafuata mwendo wa mkono. Angalia シ na ツ: ya kwanza, shi, vidoti vyake vimepangana upande wa kushoto na mstari mrefu unapanda kutoka chini, ya pili, tsu, vidoti viko juu na mstari unashuka. Zikiwa zimechapwa unazitofautisha kwa sura, zikiandikwa ovyo kinachobaki ni mwelekeo wa mstari tu. Ndo hivohivo kwa ン na ソ. Rudisha katakana zako 46 kwa kalamu wiki ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana hapo kwenye karatasi mchubuko, mbonyeo na kutu vyote huwa vinaandikwa kwa katakana.

Anki. Hizo kadi elfu tatu usizifanye. Sitisha zote kwa mkupuo, programu inaruhusu, hazifutiki zinalala tu. Halafu kila neno utakalokutana nalo kwenye zoezi au kwenye karatasi ya mnada na ukaona ulikuwa nalo, liamshe. Lile ambalo hulikuti popote liache lilale. Kadi mpya au zilizoamshwa zisizidi kumi kwa siku, hata siku una hamu, kwa sababu kadi kumi kwa siku baada ya muda zinakuzalia marudio sabini mpaka mia kila siku na hayo huwezi kuyakwepa. Wanaokimbia Anki wengi hawakukimbia leo, walijichimbia shimo wiki tatu nyuma siku walipoongeza kadi hamsini. Na kadi za kazi zigeuze: mbele Kiswahili, nyuma Kijapani, utamke kwa sauti kabla ya kugeuza. Kumbuka kilichokufa kwako ni kutoa, ukiweka Kijapani mbele unaendelea kunenepesha kile ambacho hakina njaa.

Kuongea. Tuna bahati, irabu za Kijapani ni tano zilezile zetu na silabi karibu zote zinaishia na irabu, Mswahili anatamka Kijapani vizuri siku ya kwanza kuliko Mwingereza wa mwaka wa tatu. Ila bahati hiyo inatulaza usingizi kwenye urefu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila sisi kujua, sasa Mtanzania akisema biru, jengo, anaivuta ile i na Mjapani anasikia bīru, bia. Hapo hakuna dawa ya kusoma, kuna dawa ya kuiga: chukua sauti ya somo moja, sentensi kumi, isikilize na useme pamoja nayo papo hapo bila kusimamisha, jirekodi, linganisha. Kila siku dakika kumi. Na mashine ya kujipima unayo yadini, washa gari lolote lenye kile kifaa cha ushuru wa barabara, yule dada atakwambia "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", kadi haijaingizwa. Sikia zile irabu ndefu, kā, sō, nyū. Na sarete ni kauli ya kutendwa, somo la 37, hujafika lakini ukifika utakuta unaijua tayari kwa masikio. Kwa ujumla huko kwenye viambishi usiogope, Kijapani kinajenga kitenzi kama sisi: taberu, tabesaseru, tabesaserareru, kutendesha inakuja kwanza na kutendwa inafuata, sawa na kula, kulisha, kulishwa. Wengine wanalia na somo hilo, sisi tunapita.

Lugha ya heshima ya simu na barua kitabu kinaiweka mwisho kabisa, somo la 49 na 50, wakati mtu wa mnada anakuandikia nayo sentensi ya kwanza. Usisubiri. Kariri vipande vizima bila kuvichambua: Itsumo osewa ni natte orimasu ya kufungulia, Kakunin itashimasu ukitaka kusema naangalia nakurudia, Shōshō omachi kudasai ya kumwambia asubiri kidogo. Vipande kumi vya hivyo na bosi hatahitajika kupokea simu ya kwanza.

Mtu wa kuongea naye tafuta mapema, usingoje "uwe tayari". Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili kama fani kamili, kuna wanafunzi wa Kijapani wanatafuta Mswahili wa kuongea naye kama we unavyomtafuta Mjapani, na kwenye mitandao ya kubadilishana lugha ukiandika kwamba Kiswahili ni lugha yako ya kwanza unapata mtu. Pia wapo vijana wa JICA, shirika la misaada la Japan, wanaojitolea hapa nchini, wengi wamefundishwa Kiswahili kabla ya kuja. Nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijapani, mara moja kwa wiki, na kabla ya kila kikao andaa kitu kimoja cha kueleza, mfano gari moja na kasoro zake.

Anime angalia kwa raha zako, inakurudishia sikio. Lakini ukimjibu mtu wa mnada kwa lugha ya vijana wa kwenye anime utaonekana huna adabu, na ukiangalia na maandishi ya Kiingereza chini basi unasoma Kiingereza.

Mtihani je? N4, ngazi inayofuata baada ya N5 yako, inataka alama 90 kati ya 180, na lazima pia upate angalau 19 kati ya 60 za kusikiliza na 38 kati ya 120 za sehemu iliyobaki. Hauna kuongea wala kuandika, yote ni kuchagua jibu, kwa hiyo unaweza kuufaulu na simu bado ukaikimbia. Jiandikishe tu kama tarehe inakusaidia kukaza, Nairobi ni kituo na huwa ni Desemba. Na mtu akikutisha na yale masaa 2,200 ya taasisi ya lugha ya serikali ya Marekani, hayo yalipimwa kwa Wamarekani wanaoongea Kiingereza wakianzia sifuri, sio kwa mtu wa masomo thelathini mwenye irabu tano na kauli ya kutendesha.

Muda wako mi nakadiria saa moja kwa siku: Anki dakika kumi na tano kwenye daladala, zoezi la kitabu nusu saa ukiwa na kalamu, kuiga sauti kumi, na zinazobaki karatasi moja ya mnada. Siku umechoka fanya Anki tu usilale bila. Katakana wiki hii, wiki ijayo somo la 14 au la 20 kutegemea ile jioni ya kujipima, na kitabu cha pili unacho tayari, usinunue kingine chochote mpaka ufike somo la 37. Ukishajipima niandikie umekwama wapi, na piga picha karatasi moja iliyokushinda uitume, nikusomee mwandiko wake mstari kwa mstari.